Barua ya mtoto wako kwenda ng'ambo inapitia mikononi mwa nani?

Muhula unapoanza, makundi ya wazazi kwenye WhatsApp hapa Kisumu huwa na mada zake za kawaida: pesa za chakula, sare, vitabu, safari ya darasa. Siku hizi imeongezeka nyingine. Mtoto amerudi nyumbani na karatasi inayosema darasa lake litaandikiana barua mtandaoni na watoto wa nchi nyingine, labda Uingereza, labda India, labda Ghana, na mzazi anaombwa atie sahihi. Hapo kundi hugawanyika. Mmoja anasema hivyo ndivyo watoto wanavyoangukia mikononi mwa wahalifu, na anasimulia kisa alichosikia redioni. Mwingine anasema ni bahati iliyoje, huenda mtoto akapata mfadhili. Kisha mzazi mmoja mpole, ambaye huandika mara chache, anauliza: kwani hizo barua zinaendaje hasa?

Swali hilo ndilo lenye uzito, na kwa kawaida hupotea katikati ya emoji na sauti zilizorekodiwa. Ukishajua barua inakwendaje, inapitia kwa nani na inasomwa na nani kabla ya kufika, utajua kama utie sahihi au usitie.

Tuanze na mambo ya msingi. Rafiki wa kalamu ni mtu wa mbali mnayejuana kwa maandishi. Si jambo geni. Umoja wa Posta Duniani ulianzishwa Bern, Uswisi, mwaka 1874 ili barua ya nchi moja iweze kufika nchi nyingine bila vikwazo, na wengi waliosoma shule zetu za bweni miaka ya 1980 na 1990 wanakumbuka bahasha za ndege zenye kingo za rangi. Kilichobadilika ni njia. Badala ya stempu na wiki tatu za kusubiri, leo barua inaandikwa kwenye kompyuta au tableti ya shule, au kwenye simu ya mwalimu, na inafika kabla kengele ya mapumziko haijalia.

Vurugu inaanzia hapa, kwa sababu tunatumia jina moja kwa mambo matatu yasiyofanana. La kwanza ni barua za darasa kwa darasa: mwalimu wa huku amekubaliana na mwalimu wa kule, na watoto wanaandikiana chini ya macho yao. La pili ni barua za ufadhili, ambazo familia nyingi za Magharibi mwa Kenya wanazijua kupitia mashirika kama Compassion na World Vision. Mtoto anamwandikia mtu mzima anayemlipia, na barua hupitia kwanza kwa shirika. La tatu ni urafiki ambao mtoto ameupata mwenyewe, kwenye mchezo wa simu, TikTok, Instagram au tovuti ya kutafuta marafiki, bila mtu mzima yeyote katikati. Kisa kile cha redioni karibu kila mara ni cha aina ya tatu. Fomu iliyoletwa nyumbani karibu kila mara ni ya aina ya kwanza. Wazazi wanabishana kana kwamba ni kitu kimoja.

Watu wa huku tunajua kutuma mzigo. Ukitaka kumpelekea dadako aliye Nakuru kilo mbili za omena, wale dagaa wa ziwani, unakwenda kwa afisi ya sacco ya matatu pale stendi. Karani anaandika jina lako na la dadako, nambari zenu za simu na nambari ya gari, kisha anakupa risiti. Kule Nakuru mzigo hautoki mpaka dadako aonyeshe kitambulisho. Ukipotea, kuna wa kuulizwa. Njia nyingine ni kumpa abiria dirishani, mtu uliyemwona leo tu na ambaye anasema anaelekea huko huko. Mara nyingi omena itafika. Lakini siku isipofika, huna jina, huna risiti, huna mlango wa kubisha. Barua za darasa zikipangwa vizuri ni mzigo uliopitia kwa karani. Mtoto aliyepewa nambari ya WhatsApp ya rafiki asiyemjua ni mzigo uliopitishwa dirishani, hata kama huyo rafiki ni mtoto mwema kabisa.

Ndiyo maana sioni faida ya kuuliza kwanza huyo mwenzake anatoka nchi gani, au wanatumia programu gani. La kwanza la kuuliza ni nani anasimama katikati, upande huu na upande ule.

Katika mpango ulio sawa, walimu wawili hutafutana kwanza. Ipo mitandao ya elimu iliyojengwa kwa kazi hiyo. iEARN, kwa mfano, ilianza mwaka 1988 kwa kuunganisha shule za New York na Moscow, na leo ina walimu katika nchi nyingi, Kenya ikiwemo. Lakini hata mwalimu akipatikana kwenye mtandao wa heshima, lazima athibitishwe. Usitumie nambari aliyokupa yeye. Tafuta mwenyewe tovuti rasmi ya shule yake, chukua nambari ya simu iliyo pale, piga, uliza kama kuna mwalimu wa jina hilo na kama mwalimu mkuu anaujua mradi. Baruapepe yake itoke kwenye anwani ya shule, si ile ya bure ambayo mtu yeyote anaweza kufungua kwa dakika mbili. Kisha walimu wazungumze kwa video, na walimu wakuu wakiwepo, kabla mtoto yeyote hajaandika hata salamu. Shule ikifanya hayo manne, hatari kubwa imeshapungua kabla ya barua ya kwanza.

Baada ya hapo watoto hawapewi akaunti zao wenyewe. Kuna akaunti moja ya darasa, na nenosiri liko kwa mwalimu na kwa mtu wa pili shuleni, kwa mfano naibu wa mwalimu mkuu. Huyo wa pili ni muhimu, na nitarudi kwake. Watoto wanaandika, mwalimu anasoma zote, anarudisha zinazohitaji kurekebishwa, halafu anazituma kwa pamoja kwa mwalimu mwenzake, ambaye naye anazisoma kabla ya kuzigawa. Majibu yanarudi kwa njia ile ile. Hakuna mtoto anayejua anwani, nambari wala akaunti ya mwenzake.

Wazazi wengine husema hilo linaua ladha. Silioni hivyo. Mtoto wa miaka kumi anafurahia kuulizwa maswali kuhusu maisha yake na mtu aliye mbali, na furaha hiyo haipungui kwa sababu mwalimu amesoma pia. La msingi ni kwamba mtoto aambiwe mapema, waziwazi, kwamba barua zinasomwa. Kumwambia uongo kwamba ni siri yake, kisha kumsomea kisirisiri, ndiko kunakomfundisha kuficha.

Sasa tuikaribie barua yenyewe, maana hapa ndipo wazazi na walimu wengi hawaoni tatizo mpaka walionyeshwe. Hii nimeitunga, lakini mtu yeyote aliyewahi kusahihisha insha za Gredi ya 6 ataitambua. Kwa kawaida ingeandikwa kwa Kiingereza; ninaiweka kwa Kiswahili.

"Ninasoma Gredi ya 6. Shule yetu iko karibu na soko la Kibuye, ukitoka getini unaona kanisa la rangi ya kijani. Tunatoka saa kumi na nikifika nyumbani hakuna mtu, kwa sababu mama anafanya kazi ya usiku na baba yuko Nairobi. Mdogo wangu yuko PP2 shule hiyo hiyo. Siku yangu ya kuzaliwa ni tarehe 14 Machi, nitafikisha miaka 12. Ninapenda mpira lakini sina viatu."

Barua tamu, ya mtoto mkweli. Mwalimu wa lugha angempa alama nzuri. Lakini isome tena kama mtu mwenye nia mbaya. Soko na kanisa la kijani vinatosha kuipata shule, hata bila jina lake. Saa kumi ni saa ya kumngoja. Nyumba haina mtu mzima, na kuna mtoto mwingine mdogo zaidi njia hiyo hiyo. Tarehe ya kuzaliwa yenye mwaka wa kuhesabika ni nusu ya kazi ya mtu anayetaka kuiba utambulisho wake baadaye. Na sentensi ya mwisho, ile ya viatu, inamwambia msomaji mbaya aanzie wapi: kwa zawadi.

Hakuna sentensi hata moja hapo ambayo peke yake inatisha. Ndiyo sababu orodha ya "usiseme jina lako kamili, usitoe nambari ya simu" haitoshi. Mtoto huyu alitii orodha yote, na bado amejichora ramani. Kinachohitajika ni kumfundisha kuuliza: je, mtu akisoma hapa anaweza kunijia mahali nilipo, saa niliyopo?

Na hapa kuna jambo linalonifurahisha kila nikiwaza barua hizi. Ukimwondolea mtoto yale ya ramani, barua haifi. Huwa nzuri zaidi, kwa kuwa inambidi aeleze mambo ambayo huyo wa mbali hayajui kabisa:

"Ninaishi Kisumu, kando ya ziwa kubwa kuliko yote Afrika. Mchana wanawake wanaanika omena juu ya nyavu chini, nyingi hadi ardhi inakuwa ya fedha. Kuna ndege wa kuiba, na mtoto hupewa fimbo akae hapo kuwafukuza. Kwetu jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni mwaka mzima, kwa sababu Ikweta inapita karibu. Mwalimu ametuambia kwenu Helsinki mwezi wa Desemba jua huzama saa tisa alasiri. Je, mnacheza wapi wakati huo? Na kuku wenu wanalala saa ngapi?"

Yuko kamili humo. Mji umetajwa, na hilo halina shida. Kisumu ina watu wengi mno kwa mtu kumpata mtoto mmoja kwa jina la kwanza. Mtoto wa Nakuru anaweza kuandika juu ya Menengai na flamingo wa ziwani, wa Kakamega juu ya ngoma ya isukuti na mapigano ya mafahali, wa Maseno juu ya alama ya Ikweta iliyo kando ya barabara. Hiyo ni mali ya kila mtu wa eneo hilo.

Kuhusu viatu, mtoto asikaripiwe kwa kuvitaja. Hajakosa. Aelezwe kwamba mahitaji ya nyumbani anamwambia mwalimu, si rafiki wa barua, na shule zote mbili ziwe na kanuni ya wazi kwamba hakuna anayeomba wala kutoa zawadi au pesa kupitia barua za watoto. Wanaotaka kusaidia shule wazungumze na shule. Ninajua kanuni hii inawauma wazazi wenye shida, na nimeona watu wakiiita roho mbaya. Lakini zawadi ikishaingia, mtoto mmoja anakuwa mdaiwa wa mwingine, na mdaiwa hukosa nguvu ya kusema hapana. Isitoshe, kuna ule utapeli unaojulikana sana: "mzigo wako kutoka ng'ambo umekwama, tuma ushuru kwa M-Pesa." Pale ambapo hakuna zawadi inayotarajiwa, ujumbe kama huo unajulikana mara moja kuwa ni wa uongo.

Picha ni suala la pili, na ni gumu kuliko barua. Sweta nyingi za shule zetu zina nembo na jina kifuani. Ubao wa getini una jina la shule, wito wake, S.L.P. na wakati mwingine nambari ya simu ya mwalimu mkuu. Picha moja ya watoto wakitabasamu getini imesema yote ambayo barua ilijitahidi kutoyasema. Zaidi ya hayo, simu nyingi huhifadhi ndani ya picha mahali hasa ilipopigwa, ikiwa kamera imeruhusiwa kutumia mahali. WhatsApp huondoa taarifa hiyo picha ikitumwa kama picha ya kawaida, lakini ikitumwa kama hati, au kwa baruapepe, inaweza kusafiri nayo. Zima ruhusa ya mahali kwenye kamera ya simu ya mwalimu. Afadhali zaidi, tuma michoro. Mtoto anayechora mtumbwi, au ng'ombe wa nyanya yake, amejionyesha kuliko picha ishirini za sare.

Barua za karatasi je? Wapo wanaodhani zilikuwa salama kwa kuwa hazikuwa na intaneti. Usalama wake ulitoka kwingine. Kwetu nyumba nyingi hazina anwani ya mtaa, kwa hivyo barua za watoto zilipitia S.L.P. ya shule, 40100 ya Kisumu au 20100 ya Nakuru, na mwalimu ndiye aliyezifungua au kuzigawa. Mtu wa katikati alikuwepo bila mtu kumpanga. Intaneti ilimwondoa, na kazi yetu sasa ni kumrudisha kwa makusudi.

Kuna imani nyingine zinazozunguka ambazo lazima zisemwe. Moja ni kwamba WhatsApp ni salama kwa sababu ujumbe wake "umefungwa". Ni kweli ujumbe husimbwa ili mtu wa njiani asiusome. Lakini huyo mtu wa njiani siye tunayemwogopa hapa. Mwenye kupokea anausoma wote, anaweza kuuhifadhi, kuupiga skrinshoti na kuusambaza, na usimbaji unahakikisha pia kwamba mwalimu na mzazi hawaoni. Kwa mtoto, kufuli hilo linaweza kumfungia ndani na mtu mbaya.

Nyingine ni "tumemwona kwa video, ni mtoto kweli". Video ya mtoto inaweza kuwa imerekodiwa zamani na kuchezwa tena, na teknolojia ya kubadilisha sura na sauti sasa iko kwenye simu za kawaida. Video ya walimu wawili wakiwa na walimu wakuu wao, baada ya simu iliyopigwa kwa nambari rasmi, ina uzito. Video ya "mtoto" peke yake usiku haina.

"Mtoto wangu hana simu." Ana ya mama akiwa jikoni. Ana ya kaka yake. Ana saiba iliyo karibu na stendi. Swali bora ni kama anajua la kufanya akikutana na mtu mtandaoni, kwa simu ya yeyote.

Na imani iliyo kubwa kuliko zote, kwamba hatari ni mgeni wa mbali. Utafiti wa Disrupting Harm kuhusu Kenya, uliofanywa na ECPAT, INTERPOL na UNICEF na kutolewa mwaka 2021, uliwauliza watoto wa miaka 12 hadi 17 moja kwa moja. Ulionyesha kwamba wanaowadhuru watoto kupitia mtandao mara kwa mara ni watu ambao watoto tayari wanawafahamu, na kwamba ni wachache mno kati ya watoto hao walioripoti polisi au kupiga nambari ya msaada. Ndiyo sababu nilisema nenosiri liwe kwa watu wawili shuleni. Mwalimu mmoja, akaunti moja, hakuna wa pili anayeona: mpangilio huo si mzuri hata kama mwalimu ni mcha Mungu na anapendwa na kijiji kizima. Mwalimu mwema hupoteza nini akiwa na mwenzake? Hapotezi kitu, na siku akisingiziwa atakuwa na shahidi.

Mtu anayemrubuni mtoto haanzi na jambo baya. Anaanza na kusikiliza. Anakubaliana na mtoto kwamba mwalimu ni mkali, kwamba mama hamwelewi. Anatoa zawadi ndogo: bando, au pesa za kununua kitu kwenye mchezo. Kisha anaomba siri ndogo, isiyo na ubaya wowote, ili aone kama mtoto anaweza kuitunza. Halafu anasema tuhamie mahali pengine, hapa mwalimu anasoma. Picha za utupu huja baadaye, na vitisho baada ya picha. Katika mlolongo wote huo, hatua inayoonekana kwa urahisi zaidi kwa mzazi na kwa mtoto mwenyewe ni ile ya kuhama. Mtoto wa Gredi ya 4 hawezi kupima nia ya mtu, lakini anaweza kufundishwa kanuni moja: mtu wa barua akisema tuhame, au akisema usimwambie mtu, unamwambia mtu mzima siku hiyo hiyo. Hata kama umemjibu. Hata kama umeshatuma kitu.

Hilo la mwisho mzazi alirudie kwa sauti mpaka mtoto aliamini. Watoto wengi hunyamaza kwa sababu wanajua simu itanyang'anywa na fimbo itafuata. Anayetishia mtoto kwa picha anaishi kwa woga huo. Mtoto akikuambia, mshukuru kwanza. Usifute chochote, piga skrinshoti za mazungumzo, jina la akaunti na tarehe. Usilipe, kwa maana anayelipwa mara moja hurudi. Picha yenyewe ya mtoto usiisambaze kwa mtu yeyote, hata kwenye kundi la wazazi kwa nia ya kuwaonya. Hilo lenyewe ni kosa la jinai. Piga 116, nambari ya Childline Kenya, bila malipo, saa 24; mtoto pia anaweza kuipiga mwenyewe. Kisha nenda kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo yako, au kituo cha polisi ambacho kina dawati la watoto. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inatambua unyanyasaji wa watoto mtandaoni kuwa kosa, kwa hivyo hupeleki malalamiko ya aibu ya nyumbani, unaripoti uhalifu.

Turudi kwa ile karatasi iliyo mezani. Kwa nini shule inahitaji sahihi yako hata kidogo? Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inasema taarifa za mtoto, yaani kila aliye chini ya miaka 18, zisitumiwe bila idhini ya mzazi au mlezi, na zitumiwe kwa namna inayolinda maslahi ya mtoto. Si maneno ya karatasini tu. Mwaka 2023 Kamishna wa Data alitangaza faini ya Sh4,550,000 kwa shule moja ya Nairobi iliyochapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Kule ng'ambo nako kuna sheria zao: Marekani, sheria ya mwaka 1998 inazibana tovuti zinazokusanya taarifa za watoto wa chini ya miaka 13, na Umoja wa Ulaya umeweka mpaka huo kwenye miaka 16, huku ukiruhusu nchi kushusha hadi 13. Kwa hiyo shule ya kule ikichelewesha barua kwa sababu ya fomu, usiudhike. Inafanya kile unachotaka ifanye.

Fomu nzuri inakuambia kwa lugha ya kawaida: shule ya pili ni ipi na imethibitishwaje, mradi unaanza na kuisha lini, ni nani watakaosoma barua, zitahifadhiwa wapi na zitafutwa lini, kama picha zitatumika, na unawezaje kujiondoa. Idhini ya picha iwe na kisanduku chake, mbali na idhini ya barua. Na idhini uliyoitoa unaweza kuiondoa wakati wowote. Ukiona mstari mmoja tu unaosema "naruhusu mtoto wangu kushiriki shughuli zote za kidijitali", rudisha karatasi na maswali yako nyuma yake. Huo si ukaidi. Mwalimu aliyejiandaa atakuwa na majibu, na ambaye hajajiandaa atapata sababu ya kujiandaa.

Kumebaki jambo moja ambalo miradi mingi hulisahau, nalo ni mwisho wake. Muhula unaisha, watoto wamezoeana, na barua ya mwisho ndiyo ambayo mtoto huandika nambari ya simu ya mama pembeni kwa herufi ndogo. Barua hiyo isomwe kwa makini kuliko zote. Ikiwa watoto wawili wanataka kuendelea na wazazi wa pande zote wanaafiki, mwalimu amwombe kila mzazi ruhusa kwanza, kisha awape wazazi baruapepe za wenzao. Wazazi wasalimiane wao, wazungumze kwa video wao, na mtoto aandikie ndani ya baruapepe ya mzazi wake, simu ikiwa sebuleni. Mtoto aliye chini ya miaka 13 hatakiwi kuwa na akaunti ya WhatsApp wala Facebook anayoisimamia mwenyewe, kwa masharti ya kampuni zenyewe, na wa miaka 13 hadi 17 bado ni mtoto kwa sheria ya Kenya.

Na kama shule yako haina mwenzake ng'ambo, au hujaridhika na majibu uliyopewa, mtoto anayependa kuandika hajakosa pa kwenda. Umoja wa Posta Duniani umekuwa ukiendesha shindano la kimataifa la kuandika barua kwa vijana tangu mwaka 1971, na sasa ni la umri wa miaka 9 hadi 15. Kila mwaka hutolewa mada moja, mtoto anaandika barua moja, na inapitia kwanza ngazi ya nchi yake. Hapo hakuna mtu asiyejulikana anayemjibu, na mwalimu wa lugha anaweza kuanza kumfundisha barua hiyo Jumatatu ijayo.